Maji ya Kumkosha Mama

Siku hizi, kwa sheria, anayesikiliza mhadhara wa huruma mtandaoni mpaka mwisho huhesabiwa ameshamsaidia mwenzake. Mama alipofariki Jumanne asubuhi, nilipasha maji, nikatandika jamvi, nikangoja wanawake wa mtaa waje tumkoshe.

Jirani yangu Mwanakombo aliniita kutoka dirishani kwake. "Pole, shoga. Nimekusikilizia mihadhara mitatu. Ule wa wanakijiji waliochimba kisima umeniliza."

"Ahsante. Nahitaji mtu wa kumshika mama nimgeuze."

"Basi nakuongezea wa nne," alisema kwa upole.

Sikumlaumu. Alipofiwa na bintiye, mimi nilimsikilizia miwili tu, tena huku nakuna nazi. Maji yalikuwa yanapoa. Nikakunja mikono ya gauni, nikamwomba mama radhi, nikaanza peke yangu.