Giza Likiwa Chini

"Geuza hicho kioo," mjomba aliniambia kwenye kiwanja cha kwanza.

Kichujio changu ni kioo cha mraba, nusu kina giza, nusu hakina kitu. Huwa nakitelezesha mbele ya lenzi giza likiwa juu, ili mbingu isitoke nyeupe pepe. Siku hiyo nilichagua chenye mpaka mkali kati ya nusu hizo mbili, maana uwanda ule ulikuwa tambarare kama meza.

"Mjomba, hapa maji yamesimama."

"Maji yataondoka. Piga kazi."

Yeye ndiye dalali wa viwanja, mimi mpiga picha wake. Nikakigeuza. Giza likashuka, na madimbwi yaliyokuwa yanameremeta yakafifia, yakawa udongo mweusi wa kutamanika. Tulivimaliza viwanja kumi na moja hivyohivyo, wala sikusita.

Kwenye cha kumi na mbili, mjomba alichungulia skrini ya kamera, akatabasamu.

"Hii mtumie mama yako leo. Ameniahidi kiinua mgongo chake chote, na kwa magoti yale hawezi kuja kujionea."

Kwenye upande wenye giza palikuwa na alama ya kidole gumba changu. Niliipangusa taratibu kwa pindo la shati, nikakirudisha kioo giza likiwa juu. Uwanda ukang'aa kama bati jipya. Nikabonyeza.

"Unafanya nini wewe?"

Nikajitwika stendi ya kamera begani, maji yakiniingia viatuni.

"Turudi namba moja, mjomba. Tunaanza upya."