Kitambaa cha Nasra

Muuzaji alimwonyesha Bi Rukia televisheni mbili zilizosimama pamoja mezani, zote zikionyesha filamu moja.

"Mama, hii LED ni bei nafuu, na kwa sebule yenye mwanga mwingi inatosha kabisa. Hii OLED ni ghali, ila nyeusi yake ni nyeusi kweli. Kila nukta ya kioo inajizima yenyewe."

Bi Rukia akazunguka nyuma ya meza. "Mbona hazina chogo?"

"Siku hizi za chogo hakuna, mama. Zote bapa."

Bi Rukia akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua, uzi ukining'inia kwenye pembe moja. Binti yake Nasra alikifuma kiwe cha kutandika juu ya televisheni ya nyumbani, ile ya chogo iliyokufa juzi. Alifariki pembe ya mwisho ikiwa bado.

Akakitandika juu ya LED. Kikateleza. Akahamia kwenye OLED, akakishikilia kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Alipokiachia kikaporomoka mbele, kikanasa ukingoni, kikafunika nusu ya kioo.

"Sasa picha utazionaje, mama?"

"Picha nimeona nyingi, mwanangu."

Muuzaji akanyoosha mkono akiondoe, kisha akaurudisha. Filamu ilikuwa imefika penye giza. Kioo kizima kikawa cheusi, na maua ya Nasra yakabaki peke yake, meupe pe. Bi Rukia akaushika ule uzi wa pembeni. Hakuuvuta, wala hakuuachia.