Alhamisi za Shemsa

"Katika mtihani wetu wa kuingia umepata tisini na tatu kwa mia," alisema mkuu wa chuo, "lakini alama zako za shule ni za chini mno. Kila Alhamisi hukuwapo. Ulikuwa wapi?"

Shemsa akamfasiria mama yake, kama alivyomfasiria maneno ya daktari kila Alhamisi tangu waingie Birmingham mwaka sabini.

Mama alimshika mkono chini ya meza.

"Usinivue nguo mbele ya watu, mwanangu," alinong'ona. "Maradhi ya kizazi hayasemwi ovyo. Mtafutie neno jingine."

Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na vimekonda hata pete ya ndoa inazunguka yenyewe. Shemsa aliitazama ile pete. Alingoja aone uchungu moyoni, uchungu haukuja.

"Nilikuwa mvivu," alisema kwa Kiingereza.

Mkuu wa chuo aliandika mstari mmoja, akafunga jalada, akasimama kuwapa mkono wa kwaheri.

Mama alishusha pumzi. Akaupokea ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akatabasamu, akatoa Kiingereza chote alichokuwa nacho.

"Thenk yu," alisema. "Thenk yu veri machi."