Popo na Kuku

Tangu aolewe katika nyumba ile, Zamda alikuwa akisubiri Riziki, binti wa mumewe, amwite mama. Mtoto alimwita Bi Zamda, kwa adabu zote.

Alasiri moja Riziki alikuwa mkekani, akibandika picha za wanyama kwa uji wa muhogo. Ilikuwa kazi ya shule: ndege huku, wanaonyonyesha kule.

"Popo umemweka siko," Zamda alisema. "Ana mabawa huyo."

"Ndiko, Bi Zamda. Popo hunyonyesha! Mwalimu kasema tusitazame mabawa, tutazame anavyowalea wanawe."

Zamda akaitazama picha ya popo. Yeye hakuwahi kunyonyesha. Kisha akauliza polepole, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Basi asiyenyonyesha si mama?"

Riziki aliishika picha ya kuku, akafikiri.

"Na kuku je? Hanyonyeshi, mbona vifaranga wanamfuata mpaka jikoni?"

Akaibandika. Halafu akajisogeza karibu, akashika pindo la kanga ya Zamda kwa vidole vilivyojaa uji. Uji ukaanza kukauka, vidole na kanga vikagandana, na Zamda hakuthubutu kusogea.