Msaidie Basi

Kwa mara ya sita asubuhi hiyo, Jicho aliinamia hadubini. Bakteria walikuwa palepale, wawili wawili, rangi ya zambarau, wengi ajabu.

"Haiwezekani," alisema peke yake.

Jina la Jicho alipewa na wenzake wa maabara, kwa kuwa miaka kumi na tisa hakuna kijidudu kilichompita. Na alivyolipenda jina hilo, usiseme! Leo lilimchoma.

Daktari alikuwa amempigia simu saa mbili. "Bwana Jicho, yule mzee wa kitanda cha saba hana nimonia, wala hakuwa nayo. Ni moyo. Maji yamejaa mapafuni. Siku nne tunamdunga sindano kwa kuamini karatasi yako, kumbe tunammaliza. Jicho limeingia mchanga?"

Jicho hakucheka. Kioo kilichokuwa chini ya hadubini kilikuwa na namba ya mzee, na kikopo vilevile. Basi lazima alichanganya vikopo wakati wa kuandika namba, tena siku ile ya foleni, alipokuwa na haraka na ulimi mkali.

Aliikumbuka vizuri. Binti wa mzee alishuka na kikopo kutoka wodini, ghorofa ya tatu, na ndani yake mlikuwa na mate matupu.

"Dada, haya ni mate. Mimi nataka makohozi, yatoke kifuani."

"Baba hana nguvu ya kukohoa, kaka." Alikuwa akihema. Ngazi za jengo lile si mchezo.

"Msaidie basi! Nina watu thelathini hapa, nitawabembeleza wote?"

Binti akatoka na kikopo kipya. Jicho hajamaliza hata kubadilisha glavu, huyo amerudi, na safari hii makohozi yalikuwa mazito, rangi ya kutu.

"Nimemsaidia," alisema, akajitupa kwenye benchi kuvuta pumzi.

"Umeona? Si ungemsaidia tangu mwanzo!"

Sasa maneno hayo yalimrudia yote, akatamani ardhi ipasuke immeze. Na lililomtesa zaidi lilikuwa hili: ikiwa makohozi yale yalikuwa ya mtu mwingine, mtu huyo yuko wapi leo, siku ya nne, na nimonia yake bila dawa?

Alivua koti jeupe, akapanda ngazi. Mzee alikuwa ameegemea mito, anapumua afadhali. Kando yake binti alikuwa amejikunyata kitini ndani ya sweta, na joto lote lile.

"Dada," Jicho alisema, machozi yakimlengalenga, "nimekuja kuomba radhi. Nilichanganya kikopo cha baba na cha mgonjwa mwingine. Nusura nimuue baba yako. Na huyo mwingine sijui nikamtafute wapi."

Binti alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto kama pasi.

"Hukuchanganya, kaka," alinong'ona, akiyakwepa macho ya baba yake. "Siku ile sikupanda hata ngazi. Nilikohoa mimi."