Mashavu ya Rodel

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, mjini Iloilo, Nenita aliizuia kamera kwa kiganja kabla Jovelyn hajabonyeza.

"Usinipige hivi hivi, mwanangu. Nilainishe uso kwanza."

"Tita, hii ni picha ya fomu ya polisi, si ya harusi!" Jovelyn alijibu, akimwita shangazi kwa lugha ya kwao.

"Kwani polisi hawana macho?"

Walicheka kidogo. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu Rodel, mwana wa pekee wa Nenita, afungiwe ng'ambo katika jengo ambamo vijana hulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Polisi walikuwa tayari kuomba wenzao wa huko wamtoe. Walichokosa ni jina la jengo.

Jumapili alfajiri, Siku ya Mama, Rodel alituma picha yake na maneno matatu: "Mwonyeshe Jovelyn, Mama." Baada ya saa moja ujumbe ulijifuta, kama jumbe zote zilizotoka kule, na simu yake haikupatikana tena. Picha ilinusurika kwa kuwa Nenita alikuwa ameihifadhi. Baada ya misa ilipita mikononi mwa majirani.

"Mbona amenawiri hivi?" jirani yake Purita alishangaa. "Huko wanamnywesha maziwa?"

Jovelyn, aliyesoma chuoni na Rodel na sasa anayewachunguzia polisi picha za kesi, aliifungua kwenye kompyuta. Kila picha, alieleza, ni nukta nyingi za rangi. Nukta ikibadilishwa rangi kidogo mno, jicho halitambui, lakini herufi huweza kufichwa humo.

"Chuoni tulifichiana majibu ya mtihani hivi hivi, Tita. Usimwambie mama yangu."

Herufi zikaanza kujitokeza moja moja.

*Mama, niko ghorofa ya nne. Jengo linaitwa*

Zikakoma.

"Endelea," Nenita alisema.

"Zimeishia hapo. Maneno yalianzia ukutani, yakaendelea usoni mwake. Usoni pameguswa, Tita. Nukta zote zimesuguliwa."

"Washenzi wale! Wamemgundua mwanangu!"

"Huna nakala nyingine?"

"Ndiyo hiyo moja. Simu imejaa, nakala za ziada huwa nazifuta."

Jovelyn alibonyeza tena, polepole, kama mtu asiyetaka kufika.

"Picha ikibadilishwa, simu huandika ndani yake saa ya mabadiliko," alisema bila kuinua macho. "Hii ilibadilishwa Jumapili, saa tatu na robo asubuhi. Saa za hapa kwetu."

Jumapili, saa tatu na robo, Nenita alikuwa amesimama kwenye ngazi za kanisa, akimjaza mwanawe mashavu pichani kwa ncha ya kidole, kabla hajampa Purita simu.

Ukimaliza kusoma hadithi hii, mpelekee mama mwingine mwenye mtoto ng'ambo, nawe usibadili hata nukta.