Yai la Nane

Kideri kilifagia banda zima la kuku la Sikudhani. Akabaki tetea mmoja na mayai manane, na hayo ndiyo aliyotegemea kuanza nayo upya. Siku ishirini na moja za kuatamia zikapita, zikafika ishirini na saba. Asubuhi hiyo tetea akainuka, akajikung'uta, akaenda zake.

"Wifi, kuku mwenyewe kachoka, sembuse wewe?" Mashavu alimcheka. "Viza hayo, katupe."

Sikudhani alichuchumaa, akayatikisa moja moja sikioni. Saba ya kwanza yote yalicheza maji ndani. Akayatupa shimoni, harufu ikapanda.

La nane hakulitikisa.

"Na hilo?"

"Hili bado."

Alilifunga tumboni kwa kanga, akainuka polepole, mkono mmoja umelishikilia.